Kichaa Ni Jina la Ugonjwa, Si Jina la Mtoto Wako



Wapendwa wanaparokia, nanyi nyote mnaofuatilia tafakari hii ya kila juma,

Mtu akiugua malaria twasema ana malaria. Akiugua kisukari twasema ana kisukari, na shinikizo la damu likimpanda twasema ana presha. Katika kauli hizo zote mtu hubaki kuwa mtu, na ugonjwa hubaki kuwa kitu alicho nacho, ambacho kesho chaweza kupungua, kutulia au kuondoka. Lakini kijana akiugua akili sarufi yetu hugeuka ghafla. Hatusemi tena "ana", twasema "ni". Ni kichaa. Ni chizi. Ni mwehu. Neno kichaa, ambalo kwa asili yake ni jina la ugonjwa, tumeuvua ugonjwa na kumvika mtoto wa watu, naye hutembea nalo maisha yake yote.

Juma hili nataka kusema waziwazi jambo ambalo wengi wetu hatupendi kulisikia. Aibu inayowamaliza polepole vijana wenye ugonjwa wa akili haikuzaliwa pamoja na ugonjwa wao. Sisi ndio tuliowafundisha aibu hiyo, nyumbani, mtaani, na hata katika mikutano yetu ya sala. Kwa kuwa ilifundishwa, yaweza kung'olewa, na tiba ya kuing'oa ipo. Wanaosema kwamba tiba hiyo ni anasa ya Wazungu, au kwamba vidonge pekee vyatosha, au kwamba sala pekee yatosha, wanakosea; na gharama ya kosa lao hulipwa na vijana.

Nitachukua ugonjwa mmoja uwe mfano wetu, ule ambao wataalamu huuita baipola. Mwenye ugonjwa huu hupitia vipindi viwili vinavyopingana. Kuna kipindi cha kupanda: hujisikia ana nguvu zisizo za kawaida, hulala saa chache bila kuona uchovu, husema kwa haraka, hubuni mipango mikubwa mikubwa, hutumia fedha bila kiasi, na akizuiwa hukasirika upesi. Kisha huja kipindi cha kushuka: huzuni nzito, mwili kama umefungwa mawe, kukosa hamu ya chakula na ya watu, na kwa wengine mawazo ya kutotaka kuishi. Katikati ya vipindi hivyo wengi hurudi katika hali yao ya kawaida, wakasoma, wakafanya kazi, wakatania na kucheka kama sisi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 40 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa huu. Mara nyingi huanza mwishoni mwa ujana au mwanzoni mwa utu uzima, yaani katika miaka ile ile ya kidato cha tano, chuo, kazi ya kwanza na uchumba.

Urithi wa damu una nafasi kubwa katika kuutokeza, na kukosa usingizi au misukosuko ya maisha huweza kuuamsha. Dawa zipo. Lithiamu, ambayo daktari John Cade wa Australia alitangaza matokeo yake mwaka 1949, bado inatumika hata leo, kwa sharti kwamba mgonjwa apimwe damu mara kwa mara. Huu basi ni ugonjwa kama magonjwa mengine ya kudumu: una dalili, una matibabu, na mwenye nao aweza kuishi maisha yenye matunda.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wa pili, ule tunaouongeza sisi. Watanzania tumelijua neno unyanyapaa hasa kwa sababu ya UKIMWI, na pamoja nalo tukajifunza neno kujinyanyapaa, yaani mtu kujitenga na kujidharau kabla hata hajatengwa na wengine. Patrick Corrigan, mwanasaikolojia wa Marekani aliyelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, anaeleza kwamba huingia kwa hatua. Kwanza kijana huyajua yale ambayo jamii husema juu ya wagonjwa wa akili: kwamba ni hatari, hawaaminiki, hawawezi kitu. Pili, huanza kuyakubali kuwa ni kweli. Tatu, huyageuza na kuyaelekeza kwake mwenyewe: kama wagonjwa wa akili hawawezi kitu, nami ni mgonjwa wa akili, basi siwezi kitu. Mwaka 2009 Corrigan na wenzake walilieleza tokeo lake kwa swali moja fupi ambalo kijana hujiuliza: ya nini nijaribu?

Hatua ya kwanza ndiyo inayotuhukumu. Mwaka 1989 mwanasosholojia Bruce Link na wenzake walieleza kwamba mtu hujifunza dhana za jamii kuhusu wagonjwa wa akili tangu utotoni, kabla hajaugua yeye. Siku daktari anapomtajia jina la ugonjwa wake, yale yote aliyoyasikia kuhusu "wale" huwa yanamhusu yeye. Hebu tujiulize watoto wetu husikia nini. Hapa kwetu, mtu akikosea jambo dogo huambiwa apelekwe Mirembe. Nairobi huambiwa ametoka Mathari, na Kampala huambiwa Butabika ndiko kwao. Hospitali tatu ambazo zimewapa nafuu maelfu ya watu tumezigeuza kuwa matusi. Mtoto wa darasa la pili tayari analijua tusi hilo. Miaka kumi baadaye, akiandikiwa rufaa ya kwenda hospitali hiyo hiyo, je, mwashangaa akiichana karatasi?

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Methali hii twaitumia kumlaumu aliyeficha. Ni wachache wanaouliza kwa nini alificha. Kijana huficha vidonge ndani ya soksi kwa sababu anajua dada yake atavitaja wakigombana. Huacha kwenda kliniki kwa sababu benchi la wagonjwa wa akili liko mahali ambapo kila apitaye atamwona. Hukataa kurudi chuoni kwa sababu wenzake walishuhudia siku alipopanda juu ya meza na kuhubiri. Kisha sisi twasema, "Mnaona? Hana faida." Lisemwalo lipo, na kama halipo laja: tulisema hana faida, naye ametuamini.

Wapendwa, sitaweza kuzungumzia mtaa nikalinyamazia Kanisa. Wako miongoni mwetu waamini wema, wenye bidii ya sala, ambao wakimwona kijana halali usiku tatu mfululizo na anasema maneno mengi, huhitimisha papo hapo kwamba ana mapepo. Humzunguka, humkemea kwa sauti, humshika kwa nguvu, na mwisho humwagiza aache dawa ili "aoneshe imani". Naomba nieleweke. Kanisa linaamini katika sala kwa ajili ya wagonjwa, na lina Sakramenti ya Mpako kwa ajili yao. Lakini Kanisa hilo hilo, katika kanuni ya 1172 ya Sheria zake, halimruhusu mtu yeyote kufanya uzinguo rasmi bila ruhusa mahususi ya Askofu. Na Katekisimu, katika namba 1673, yaagiza kwamba kabla ya uzinguo ihakikishwe kuwa tatizo si ugonjwa, kwa kuwa kutibu ugonjwa ni kazi ya tiba. Anayemwambia kijana mwenye baipola atupe dawa zake hatendi kwa jina la Kanisa. Atakapozidiwa tena ataambiwa kwamba imani yake ilikuwa haba, na hapo atakuwa amebebeshwa mizigo mitatu: ugonjwa, aibu, na sasa hatia mbele ya Mungu.

Swali la wanafunzi katika sura ya tisa ya Injili ya Yohane, walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu na kutaka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, bado laulizwa kila siku katika vijiji na mitaa yetu. Jibu la Bwana mwalijua: si yeye wala wazazi wake. Na nabii Eliya, alipoketi chini ya mti jangwani akaomba afe, hakupelekewa kwanza hotuba. Alipelekewa mkate na maji, akaachwa alale, akaamshwa, akala tena. Mungu alianza na mwili uliochoka. Sisi ni nani hata tuanze na makaripio?

Je, aibu hii hutibiwaje? Vidonge husawazisha mawimbi ya hisia, lakini havifuti neno ambalo mtu ameliamini juu ya nafsi yake. Hapo ndipo inapohitajika tiba ya mazungumzo. Mojawapo ilibuniwa na wanasaikolojia Philip Yanos, David Roe na Paul Lysaker. Watu wachache wenye magonjwa mazito ya akili hukutana na mwongozaji kwa vikao ishirini hivi. Hatua za mwanzo humsaidia kila mmoja kueleza alivyo na jinsi anavyouelewa ugonjwa wake. Kisha hufundishwa kutenganisha ukweli na uvumi: je, ni kweli kwamba kila mgonjwa wa akili ni mkatili? Je, ni kweli kwamba hakuna anayepata nafuu? Baada ya hapo hujifunza kulikamata wazo linalowapiga ndani kwa ndani na kulidai ushahidi. Kijana aliyezoea kusema "nimeharibika, sifai" huombwa aeleze: ni jambo gani lililoharibika? Lini? Ni mambo gani ambayo hayakuharibika? Mwishoni kila mmoja husimulia upya maisha yake mbele ya wenzake, na ugonjwa, uliokuwa umejaza kitabu kizima, hurudishwa kuwa sura mojawapo.

Tiba hii imejaribiwa Marekani, Israeli na Sweden, na imeonekana kupunguza kujinyanyapaa, ingawa si kwa kiwango kilekile kila mahali. Ushahidi mwingi umetoka kwa watu wazima, hasa wenye skizofrenia. Kwa vijana, watafiti wa Ujerumani walitangaza mwaka 2018 matokeo ya mpango wa vikao vitatu kwa wenye umri wa miaka 13 hadi 18 waliokuwa na magonjwa mbalimbali ya akili. Humo kijana hupima faida na hasara za kuwaambia wengine habari za ugonjwa wake, huamua amwambie nani na kwa kiasi gani, na hujifunza namna ya kusema. Hakuna anayelazimishwa kujitangaza. Waliopitia mpango huo walipungukiwa na msongo uliotokana na unyanyapaa kuliko wale ambao hawakuupitia. Si muujiza, lakini kwa kijana aliyekuwa akijificha si jambo dogo.

Najua hoja zitakazoletwa, nami nazijibu moja baada ya nyingine.

Ya kwanza husema: "Haya ni mambo ya Wazungu, Mwafrika hajui kukaa na kusimulia hisia zake." Husemwa na watu ambao kila juma huketi katika Jumuiya Ndogo Ndogo wakishirikishana maisha yao! Na tena tuna kumbukumbu fupi. Katika miaka ya UKIMWI watu walioishi na virusi waliunda vikundi, wakaketi pamoja, wakafundishana kumeza dawa na kushinda aibu, na tukaiita hali hiyo kuishi kwa matumaini. Hakuna aliyesema ni Uzungu. Tuliona kwa macho yetu kwamba mwenye aibu huacha dawa, na mwenye tumaini huzimeza. Kama somo hilo lilikuwa la kweli kwa damu, kwa nini lisiwe la kweli kwa akili?

Ya pili ni nzito zaidi, na husemwa na wazazi waadilifu: "Aibu ndiyo mlinzi wa kijana. Mkimwondolea aibu, atafanya fujo, kisha atasema ni ugonjwa." Hapa yatupasa kutofautisha mambo mawili ambayo tumeyachanganya. Hatia hutazama tendo na kusema: nilifanya vibaya, nitarekebisha. Aibu hii ninayoizungumzia hutazama nafsi na kusema: mimi ni ubaya wenyewe, hakuna cha kurekebisha. Hatia humsimamisha mtu aende kuomba radhi. Aibu humlaza kitandani akageukia ukuta. Kijana aliyetumia ada ya mdogo wake wakati wa kupanda kwa ugonjwa, akisaidiwa vizuri, atajifunza kuzitambua dalili za mwanzo, atakubali baba yake amtunzie fedha katika siku hizo, atalinda usingizi wake, na ataomba msamaha kwa yale aliyoyatenda. Huo ndio uwajibikaji. Aliyeshawishika kwamba yeye ni takataka hawajibiki kwa lolote, kwa maana takataka haina wajibu.

Ya tatu husema: "Wataalamu hawapo." Ni kweli kwamba wataalamu wa afya ya akili katika nchi zetu ni wachache mno. Lakini tazameni Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda wa Harare alianza kuwafunza akina bibi wa mitaani kuwasikiliza watu wenye sononi na wasiwasi, wakiketi nao kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionesha kwamba waliohudumiwa hivyo walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Sisemi kwamba bibi aweza kutibu baipola kwenye benchi; ugonjwa huu wahitaji daktari na dawa. Nasema kwamba kusikiliza kwaweza kufundishwa, na kwamba jamii ambayo haina wataalamu wengi haina ruhusa ya kukosa watu wenye huruma.

Ya nne ni ya wale wanaosema vidonge vyatosha. Kwao nina neno moja tu: kidonge kilichotupwa chooni kwa sababu ya aibu hakimtibu mtu.

Ndugu zangu, Kanisa letu lina sababu ya pekee ya kuona uchungu juu ya jambo hili. Mtakatifu Yohane wa Mungu, tunayemkumbuka tarehe 8 Machi na aliye msimamizi wa wagonjwa na wa hospitali, aliwahi kudhaniwa mwendawazimu katika mji wa Granada, Hispania, katika miaka ya 1530. Alifungiwa pamoja na wagonjwa wa akili na kuchapwa viboko, maana hiyo ndiyo iliyokuwa "tiba" ya zama zile. Alipotoka alianzisha hospitali, akawahudumia fukara na wagonjwa hadi kifo chake mwaka 1550. Wangetokea watu wa Granada waliosema, "Huyu ni kichaa, basi," naye akaamini, maskini wangapi wangekosa kitanda? Na katika Siku ya Wagonjwa Duniani ya mwaka 2006, iliyoadhimishwa rasmi Adelaide, Australia, Baba Mtakatifu Benedikto wa XVI alielekeza ujumbe wake hasa kwa wagonjwa wa akili na familia zao. Hatuwezi kusema hatukukumbushwa.

Basi nataka nini? Nataka mambo manne, na yote yanawezekana katika parokia hii na katika nyingine yoyote.

Kwanza, tuirekebishe sarufi yetu. Kuanzia leo asiwepo kiongozi wa jumuiya, katekista, wala mwalimu wa kwaya atakayemwita mtu kichaa, hata kwa utani, wala kulitumia jina la hospitali kama tusi. Pili, asiwepo mtu wa kumwagiza mgonjwa aache dawa. Anayetaka kumwombea na amwombee, kisha ampe nauli ya kliniki. Tatu, kijana aliyetulia asizuiwe kuimba kwaya, kusoma masomo, au kugombea uongozi wa vijana kwa sababu tu aliwahi kulazwa. Wala jina la ugonjwa peke yake lisitumiwe kuvunja uchumba wa watu wanaojuana na kuambiana ukweli. Nne, familia zenye wagonjwa hawa zikutane, zisikilizane, na zimwalike mtaalamu wa hospitali iliyo karibu awafundishe, kama tulivyofanya enzi za UKIMWI. Chumba cha mikutano tunacho. Viti tunavyo.

Na wewe kijana unayeisoma tafakari hii kwa siri, ukihofu mtu asije akaona unachokisoma: una ugonjwa, na ugonjwa huo si wewe. Usiache dawa bila kuzungumza na daktari wako. Kama mawazo ya kutotaka kuishi yanakujia, mwambie mtu mmoja unayemwamini leo hii, usingoje kesho, naye akufikishe hospitali. Muulize daktari kama kuna ushauri nasaha au kikundi unachoweza kujiunga nacho. Na siku utakaposikia ndani yako ile sauti isemayo "ya nini nijaribu", idai ushahidi. Uiulize ilijifunza wapi maneno hayo. Utagundua kwamba ni maneno yetu. Hayakutoka kwako, wala hayakutoka kwa Mungu.

Nawatakia Dominika njema na juma lenye baraka.

Wenu katika Kristo,
Paroko